Kitanda Kimoja Si Habari Mtwara

Vijana wa vyuo hapa Mtwara wana riwaya zao za usiku. Wanazisoma kwenye simu, bando la usiku likiwa limeshuka bei, na asubuhi hakuna anayekubali kwamba alizisoma. Nyingi ni za mapenzi ya vyuo vya Marekani, na ndani yake kuna kundi lenye wafuasi wa kufa na kupona: wanafunzi wawili wa kiume, mmoja nyota wa timu ya chuo, mwingine michezo haimhusu kabisa, ofisi ya mabweni inawatupa chumba kimoja, wanaanza kwa kununiana na kuishia kupendana. Mchezo wenyewe mara nyingi ni hoki ya barafuni. Msomaji wa Chikongola, feni imekufa na neti imeloa jasho, anawafuatilia watu wanaoteleza juu ya barafu na haoni tatizo lolote. Wala mimi silioni. Riwaya ikishika, haijali hali ya hewa.

Hoja yangu iko kwingine. Riwaya hizi zinaendeshwa na uhaba. Kule zinakoandikwa, wanaume wawili wazima wasio ndugu hawana desturi ya kuwa karibu kimwili, kwa hiyo kila hatua ya ukaribu ni tukio: bega kugusa bega, shuka kuazimana, kitanda kimoja hotelini baada ya mechi ya ugenini. Waandishi wetu wa simulizi wameziiga, wakazihamishia kwenye vyuo vya huku, wakaubeba na uhaba ule ule kama ulivyo. Huku haupo. Ndiyo maana simulizi zao zikifika sehemu ya saba zinakuwa zimeshaishiwa pumzi.

Tuangalie kwanza jinsi chumba kinavyofanya kazi kwa wenyewe. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi mpya hujaza fomu kabla hajafika: unalala saa ngapi, unajali usafi kiasi gani, kelele unazivumilia? Ofisi ya mabweni inapitia majibu na kumpangia mtu wa kuishi naye, kwa kawaida chumba cha wawili, kila mmoja na kitanda chake na meza yake. Upangaji huo si jambo dogo kwao. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Duke, cha North Carolina, kiliacha kuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajichagulie wenzao wa chumba. Walikuwa wanatafutana mtandaoni kabla ya kufungua chuo, na mwisho wake kila mtu anaishi na aliyetoka maisha kama yake. Na mapema zaidi, mwaka 2001, mchumi Bruce Sacerdote alichapisha utafiti wake kuhusu Chuo cha Dartmouth, ambako wenza wa chumba walipangwa kwa bahati nasibu. Aliona kwamba unayepangwa naye anagusa alama zako za darasani na hata uamuzi wako wa kujiunga na vile vyama vya kindugu vya wanafunzi. Fani unayoisomea haigusi. Mwandishi wa riwaya angefurahi kuyasikia hayo: mtu anaweza kukubadilisha tabia, marafiki na saa za kulala, na bado ukabaki mhandisi na yeye akabaki mchora picha.

Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Harvard Gordon Allport aliandika kwamba watu wa makundi yanayodharauliana wanaweza kupunguza dharau wakikutana, ila si kwa kukutana tu. Wawe na hadhi sawa mahali pale, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wawe wameuridhia mkutano wao. Sasa rudi kwenye riwaya. Chumba kinawapa hadhi sawa, maana hata nyota wa timu ana funguo moja na nusu ya kabati. Ofisi ya mabweni ndiyo mamlaka. Linalobaki ni lengo, na ndiyo sababu katika hadithi nyingi za aina hii yule asiyejua michezo anageuzwa mwalimu wa ziada wa mwenzake: mchezaji akifeli somo la takwimu anaondolewa timu. Masharti yote manne yametimia kabla ya ukurasa wa hamsini, na mwandishi pengine hajawahi kumsikia Allport.

Michezo nayo inaongeza kitu ambacho sisi huku tunakisahau. Mchezaji wa chuo kule ni mali. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, asili yake ni mwaka 1906, na kwa miongo mingi kilimzuia mchezaji kuingiza hata senti kwa jina lake huku chuo kikiuza jezi na tiketi. Julai 2021 mlango ukafunguliwa kwa mchezaji kufanya biashara na jina lake, na Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo siri ya nyota wa chuo ina bei. Mwandishi hahitaji kutuambia kijana anaogopa nini. Udhamini wa masomo, mikataba ya matangazo, nafasi ya kwenda ligi kubwa, vyote vimening'inia juu ya kitanda chake.

Kisa cha kweli cha Michael Sam kinaeleza mambo haya vizuri kuliko riwaya nyingi. Sam alikuwa mlinzi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Missouri. Agosti 2013 aliwaambia wachezaji wenzake kwamba anavutiwa na wanaume. Timu ikajua. Msimu ule walicheza mechi 14, wakashinda 12, wakabeba kombe la Cotton Bowl, na Sam akashiriki tuzo ya mlinzi bora wa kanda yao. Hadi msimu unaisha habari ile haikuandikwa gazetini. Alikuja kuitangaza mwenyewe Februari 2014. Mei mwaka huo St. Louis Rams wakamchagua akiwa wa 249 kati ya vijana 256 waliochaguliwa, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu rasmi wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli hiyo.

Angalia ugumu ulikaa wapi. Si kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mahali ambapo riwaya hizi huweka hofu yote. Vijana waliooga naye na kusafiri naye ndio waliomtunzia siri. Ugumu ulikuwa sokoni, kwa watu waliovaa suti na kushika makaratasi, ambao hawakuwahi kulala naye bweni moja. Riwaya zinapendelea kinyume chake kwa sababu za kiufundi tu: timu unaweza kuikusanya kwenye tukio moja, ikanuna, ikanyamaza, kisha nahodha akainuka na kupiga makofi. Soko huwezi kulikusanya chumbani likatokwa na machozi. Nawaelewa waandishi, ila nashukuru historia haikuwasikiliza.

Sasa njoo Mtwara.

Mwanafunzi anayepata hosteli hapa anapata kitanda ndani ya chumba chenye dabo deka tatu au nne. Asiyepata ana njia mbili. Anapanga geto mtaani na wenzake, au anabebwa: rafiki mwenye nafasi anamkaribisha kwenye godoro lake, futi tatu kwa sita, mpaka muhula uishe. Wanalala mzungu wa nne. Kichwa cha mmoja huku, cha mwenzake kule, nyayo za golikipa zikiwa usawa wa pua ya mhasibu mtarajiwa. Patroni anajua. Anapita saa nne usiku, anahesabu vichwa vya upande mmoja, anaandika, anaondoka. Ukiwauliza wenyewe wanavyoishi, malalamiko yao ni soksi, kukoroma, na yule anayejivutia shuka yote kuanzia saa tisa usiku. Hakuna aliyewahi kushika moyo kwa sababu kitanda ni kimoja. Kitanda kimoja ni hesabu ya fedha.

Nje ya chumba ni hivyo hivyo. Mechi ikiisha Nangwanda Sijaona utawaona vijana wanarudi kuelekea Ligula wameshikana vidole, wanabishana kuhusu penalti, na hakuna anayegeuza shingo. Wanakula sinia moja. Mmoja anamnyoa mwenzake kwa mashine ya kuazima, kichwa kimelazwa kwenye goti. Shati la usaili ni moja, linazunguka chumba kizima, na anayerudi na kazi ndiye analifua. Mambo haya kwenye riwaya ya Marekani yangejaza sura tano, kila sura na jasho lake. Hapa yanatokea kabla ya chai.

Hata kutofanana, ambako ndiko riwaya zile zinakojengwa, huku ni kitu cha kila siku. Nchi hii imekuwa ikiwachanganya watu kwa makusudi tangu zamani: kidato cha tano unapangiwa mkoa usioujua, kisha JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, inakulaza na mtu ambaye lugha ya mama yake hujawahi kuisikia. Mmakonde wa Newala na Mchaga wa Rombo kujikuta chini ya neti moja si mwanzo wa riwaya. Ni Jumatatu.

Ndipo ninapowashangaa waandishi wetu. Simulizi za mitandaoni za Kiswahili zina ufundi wake, nami siudharau. Mwandishi anajua kukata sehemu pale pale msomaji anapotaka kufungua mlango, kisha anaweka namba ya simu na kusema anayetaka kuendelea atume elfu moja. Lakini wanapoiga hadithi ya wenza wa chumba wanaiga samani zake. Chuo hakina jina, ila kina "korido ndefu yenye zulia". Kocha ana ofisi yenye vioo. Chumba ni cha wawili na kina bafu lake ndani. Nani alikifagia hatujui, maji yalitoka wapi hatujui. Mchezaji ana mkataba, sijui na nani, maana mchezaji wa chuo huku anaenda mashindanoni na viatu vya kuazima, kwenye Kosta iliyokodiwa, na akirudi na medali anaining'iniza kwenye msumari wa neti. Halafu inakuja ile sehemu: mvua inanyesha, umeme umekatika, kumbe kitanda ni kimoja! Alama tatu za mshangao. Itaendelea.

Msomaji wa Mtwara anasoma na kujiuliza: kwa hiyo?

Kama ukaribu wa mwili si adimu, mwandishi wa huku anapaswa kutafuta kilicho adimu. Kipo, na hakiko mbali. Cha kwanza ni upweke wa wawili. Geto la chuo halina mlango kwa maana ya kweli. Jirani anaingia kuchaji simu, mwingine anakuja kuomba chumvi na kukaa mpaka taarifa ya habari iishe, watoto wa mama mwenye nyumba wanapenda feni yenu kuliko ya kwao. Watu wawili wanaweza kulala godoro moja mwaka mzima wasipate nusu saa ya kuzungumza bila mtu wa tatu. Hiyo nusu saa ndiyo tukio. Ndiyo mwandishi angeitengenezea sura nzima.

Cha pili ni ukweli wa nyumbani. Kijana wa chuo anashiriki sahani, shati na shuka, lakini hali halisi ya kwao anaifungia kuliko mwili wake. Chukua golikipa wa chuo, mwenyeji wa Tandahimba, mama yake ana mikorosho. Fedha ya ada haitoki mfukoni mwa mtu, inatoka mnadani. Korosho zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani, wanunuzi wanashindana bei, kisha malipo yanapita benki, na msimu wenyewe unafunguka karibu Oktoba wakati chuo kinataka fedha yake. Kila mwaka kijana huyu anaanza masomo akiwa na deni na akili iko kwenye bei ya kilo. Kama mwandishi ana moyo, aiweke hadithi mwaka 2018. Wakulima walizikataa bei za mnadani, Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba, na uhakiki wa wakulima ukawachelewesha wengi kulipwa. Hebu fikiria mtihani unakaribia, jina lako liko kwenye orodha ya wadaiwa ubaoni, na nyumbani wanakwambia wanahakikiwa.

Mwenzake awe wa Dar es Salaam, mtoto wa mfanyakazi wa serikali, anasomea uhasibu, bumu lake, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu, linaingia na analigawa kwa daftari: nauli, gesi, vocha, akiba. Huyu hajui mpira na anauona ni kelele. Anasoma mpaka saa nane usiku, golikipa anaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia ufukweni Shangani na anaangusha ndoo kila anapotoka. Siku moja golikipa anarudi kutoka kwao na mfuko wa ming'oko iliyochemshwa. Mwenzake anaitazama ile mizizi, anadhani ni dawa, anauliza inatibu nini. Golikipa anacheka, anakwangua mmoja kwa kisu cha vitunguu, anapaka chumvi, anampa. Sitaki tukio lile liseme zaidi ya hapo. Linatosha.

Kisha nusu fainali. Golikipa hayupo. Kocha anaambiwa anaumwa malaria, na anayemwambia ni yule mhasibu asiyejua hata namba ya jezi ya mwenzake, kijana ambaye hajawahi kudanganya hata kwenye risiti. Ukweli ni kwamba golikipa amepanda basi usiku kwenda kusimama kwenye foleni ya uhakiki badala ya mama yake. Kabla ya kuondoka alimwachia mwenzake simu ndogo yenye laini ya M-Pesa na namba ya siri, fedha ya kwao ikiingia ailipie ada kabla orodha haijafungwa. Namba ya siri. Nimeishi na watu kwenye chumba kimoja ambao wangenipa figo kabla ya kunipa namba hiyo. Kwenye hadithi ya huku, kukabidhiwa tarakimu nne kuna uzito ambao kitanda kimoja hakiwezi kuupata, na msomaji wa Mtwara hatauliza "kwa hiyo?" Atakaa wima.

Kuna jambo jingine ambalo waigaji wanaliruka, nalo nadhani ndilo linalowavuta wasomaji wengi wa riwaya hizi, ambao, kama huna habari, ni wanawake, na wengi wa waandishi wake ni wanawake pia. Watu wanashangaa: mwanamke anatafuta nini kwenye mapenzi ya wanaume wawili? Jibu moja ni vyombo. Katika riwaya ya kawaida ya mapenzi, mwanamume na mwanamke wakiingia nyumba moja, msomaji anajua kabla ya mwandishi nani ataosha sufuria. Wakiingia wanaume wawili hajui. Kila kazi inabidi izungumzwe. Nani anachota maji, nani anapika leo, nani aliacha ugali ukakauka kwenye mwiko. Kazi isiyo na mwenyewe inageuka lugha ya mapenzi: anayeamka akakuta sufuria imeoshwa anajua amependwa. Msichana wa hosteli ambaye kila likizo anarudi nyumbani kukuta vyombo vinamsubiri huku kaka zake wanatazama mpira, anaisoma sura hiyo mara mbili. Mimi kama mwandishi wa simulizi za hapa ningeyaacha yote mengine nikaanza na sufuria. Nao wanaandika "chumba kilikuwa kisafi" na kusonga mbele.

Sasa lile ambalo haliwezi kuzungukwa. Riwaya ya Marekani huishia hadharani. Kipenga cha mwisho, kombe, busu katikati ya uwanja, wazazi wanasimama. Mwisho huo huku haupo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye mizizi kwenye sheria za mkoloni, kinatoa adhabu ya kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa tendo kati ya wanaume, na zaidi ya sheria kuna mtaa, msikiti, kanisa, mjomba, na mama wa Tandahimba mwenye mikorosho. Waigaji wetu wanalitatua kwa aya moja: wazazi walilia, kisha walikubali, kisha wakahamia Canada. Wengine wanaukimbia kwa upande wa pili, mmoja anakufa kwa ajali ya pikipiki ili msomaji asiwe na la kuuliza. Njia zote mbili ni uvivu. Mwandishi anayechagua kuandika hadithi hii ikitokea Mtwara amechagua na uzito wake, na uzito huo unapaswa kuonekana kwenye vitu vidogo tangu mwanzo: nani anakaa karibu na dirisha, ujumbe gani unafutwa, jina gani limeandikwa kwenye simu.

Najua kuna watakaosema hadithi hizi zisiandikwe wala zisijadiliwe, na hawatakuwa wachache. Nawaheshimu na siwezi kuwamaliza kwenye safu moja. Ila zinasomwa, na kitu kinachosomwa kinahakikiwa. Mimi si mwendesha mashtaka. Nikiletewa hadithi nasema imesimama au imelala, na hizi za kuigwa zimelala.

Kinachonisikitisha ni kwamba mwandishi wa huku ana silaha ambayo mwenzake wa Marekani hana, na anaitupa. Kule, wanaume wawili wakikaribiana tu, kila mtu anaona, wakiwemo wenyewe. Mwandishi analazimika kukimbia kutoka chuki hadi tamaa kwa sababu katikati hapana nafasi. Huku nafasi ya katikati ni pana mno. Watu wawili wanaweza kuwa chanda na pete mbele ya chuo kizima, wakashikana mikono njia nzima ya kutoka sokoni, wakalala mzungu wa nne kwa mihula minne, na wasijulikane ni nini. Pengine hata wao hawajui. Kocha anaona urafiki mzuri unaosaidia timu. Mama mwenye nyumba anasifu vijana wasiogombana. Mama wa golikipa anatuma salamu kwa "ndugu yako wa Dar" na kumfungia korosho zake kwenye mfuko wa pekee. Msomaji peke yake ndiye anaanza kushuku, polepole, kutokana na sufuria na namba ya siri. Mwandishi mwenye subira angeweza kwenda kurasa mia mbili bila neno mapenzi kutamkwa, na msomaji asiweze kuiweka simu chini.

Na saa ya hadithi ibadilishwe. Kule saa ni ligi: mechi ngapi zimebaki, fainali lini. Huku fainali ya vyuo inapita, picha zinapigwa, maisha yanaendelea. Kinachowatenganisha vijana wa geto ni kodi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, na inaisha mwezi ule ule watu wanapangiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mmoja anapelekwa Nachingwea, mwingine anaitwa nyumbani Dar ambako baba ameshamtafutia ofisi. Mtungi wa gesi walinunua nusu kwa nusu. Godoro ni la mmoja, lakini neti ni ya mwingine. Mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na daftari lake, ameshamleta mpangaji mpya aone chumba, na anauliza kama wanaendelea au wanatoka. Inabidi mmoja wao ajibu, mwingine akiwa anasikiliza. Hilo ndilo tukio ambalo mwandishi akinikatia katikati na kuweka namba ya simu, nitatuma elfu moja.